Mtunza Nyasi wa Uwanja wa Singida

SINGIDA, Agosti 1974

Saa kumi na mbili asubuhi, vumbi la mji bado limelala. Antipasi Mughwai amepiga magoti kwenye kona ya uwanja wa mpira. Anakaza kamba, kisha anaufuata mstari wake kwa majivu yaliyochekechwa. Jioni timu kutoka Dodoma itacheza hapa. Mashabiki wake wamefika tangu jana na nyumba za wageni zimejaa.

“Mgeni akishuka kwenye basi, kwanza anauliza uwanja uko wapi,” anasema bila kuinua kichwa. “Ziwa ataliona baadaye.”

Bi Damari, mwenye mgahawa mkabala na lango, anaafiki. Siku ya mechi huanza kuchinja kuku alfajiri. “Uwanja huu unanilisha mimi na wanangu,” anasema. “Wageni wakishiba wananiuliza njia ya ziwani, wakawatazame wale ndege wa waridi, heroe.”

Antipasi, mwenye miaka arobaini na mmoja, alitoka Ikungi wakati wananchi walipofyeka pori hili kwa kujitolea. Aling'oa visiki pamoja nao, kisha kamati ya uwanja ikamwajiri. Maji ya ziwa yana chumvi, yanaua nyasi, kwa hiyo huchota kisimani na kuwabebesha punda.

Kazi hiyo ilimtia majaribuni mwaka jana, mvua zilipokata mapema. Mji mzima ulikauka, isipokuwa uwanja. Asubuhi moja, mechi ya Saba Saba ikiwa imekaribia, alikuta ua wa miiba umebomolewa na ng'ombe wamo ndani wanakula. Walikuwa wa Gasto, kaka yake mkubwa, aliyewaswaga kutoka Ikungi kutafuta malisho.

“Shikamoo, kaka,” Antipasi alisema.

“Marahaba. Waache wale. Zizi hili ndilo lililokuolea mke.”

“Najua, kaka. Lakini nyasi hizi si zangu. Naomba uwatoe.”

Gasto aliwatoa. Wiki ile ng'ombe wake wawili walikufa.

“Mke wangu, Elina, hakunilaumu, ila hakunitazama usoni,” Antipasi anakumbuka.

Ndipo akaenda kwenye kamati. Nyasi alizokuwa akikata kila wiki zilitupwa tu. Akaomba ampelekee kaka yake. Wakakubali. Akazisomba kwa mkokoteni hadi kambi ya Gasto nje ya mji, mpaka mvua ziliporudi. Gasto alizipokea, lakini ahsante haikumtoka.

Saba Saba ya mwaka huu, Gasto alitokea uwanjani amevaa koti, akakaa katikati ya wageni wa Tabora. Mmoja wao akasema njia nzima hajaona uwanja wa kijani namna hii.

“Ni wa mdogo wangu,” Gasto akamjibu, kwa sauti iliyowageuza watu shingo. “Aliwahi kunitoa humu mimi na ng'ombe wangu.”

Antipasi anacheka anaposimulia, kisha anafuta macho kwa mkono wenye majivu.

Sasa ana jambo jingine. Kamati imekubali kwamba kabla ya mvua wananchi watapasua mawe na kujenga viti upande wa magharibi.

“Mtu atoke Tabora, halafu tumsimamishe juani?” anauliza. “Nataka aketi kwenye jiwe la Singida, autazame mpira mpaka mwisho, na akifika kwao awaambie wenzake wajiandae, safari ijayo anakuja nao.”