Ugoro wa Mama Mkwe Kwenye Kopo la Korosho

Mimi sinusi ugoro, wala siupendi. Ukinipitia tu karibu napiga chafya mpaka kanga inanidondoka. Lakini kuutunza najua, na namshukuru Mungu kwa namna nilivyojifunza, maana aliyeungua si mimi.

Nilikuja Lionja nimeolewa, natokea Newala. Mama mkwe alinipokea vizuri. Kaka yake, mjomba wa mume wangu, alikataa hata salamu yangu; alitaka binti wa hapahapa. Na huku neno la mjomba si la kuchezea: akisema huyu arudi kwao, unafunga mizigo. Basi akapiga simu kwamba Ijumaa anakuja kusema lake.

Wiki hiyo mama mkwe alikwenda Nachingwea mjini kumuuguza dada yake. Aliniachia kibuyu cha ugoro aliousaga mwenyewe kwa ajili ya kaka yake, amekifukia kwenye mchanga wa baridi chini ya mtungi wa maji. "Usikauke, usilowe, usiingie harufu nyingine," aliniambia. "Hayo tu, mwanangu."

Hayo tu! Siku ya pili kibuyu kikanidondoka, kikapasuka. Nikachukua kopo lenye mfuniko mzuri, lile nililokuwa natilia korosho nikibangua. Nikalisugua kwa sabuni, nikalianika juani, nikamimina ugoro, nikalifukia mchangani. Nikajiona hodari kweli.

Kila anayebangua korosho anajua mafuta ya maganda yanavyobabua ngozi. Ndiyo maana tunajipaka majivu vidoleni. Nilijua, na sikufikiri. Mtu mzima ovyo!

Mama mkwe alirudi Ijumaa asubuhi, na mchana mjomba akaketi mkekani. Kwa desturi, mwenye ugoro ananusa kwanza, ndipo anampa mgeni. Mama mkwe akafungua kopo, akavuta. Nikaona machozi yanamlengalenga, na mdomo wa juu unaanza kuwa mwekundu. Akalitazama kopo. Akanitazama mimi. Yarabi, nilitamani ardhi inimeze.

"Vipi?" mjomba akauliza.

"Uzee huu, kaka. Nimezidisha magadi mwenyewe. Usiuguse."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kifurushi cha jani la mgomba chenye ugoro wake wa safarini. Hakumpa mjomba. Aliniwekea mimi mkononi. "Mpe mjomba wako."

Nikapiga goti, nikampa. Akanusa, akapiga chafya mbili, akasema alhamdulillahi. Halafu akanigeukia. "Chakula kiko tayari, mkwe?" akaniuliza. Tangu nije, hakuwahi kuniita hivyo. Nikakimbilia jikoni nikalia, na moshi wa kuni ukanisitiri.

Kesho yake mama mkwe aliamka mdomo umevimba, pua imetoka malengelenge. Nilimpaka mafuta ya nazi huku namwomba radhi.

"Kopo la korosho halitakati kwa sabuni," alisema. "Tafuta kibuyu kingine, mdomo wake uuzibe kwa nta."

"Mama, kwa nini hukusema kosa ni langu?"

"Pua itapona, mwanangu. Wewe wakikurudisha kwenu, nitakupata wapi?"