Nilivyorudisha Meli Zote Rivasi

Wasee, hii aibu wacha niitoe kifuani. Kazi yangu iko Upper Hill, hapa Nairobi: naangalia picha za rada kwa kompyuta. Meli inakaa kama punje ya mchele inang'aa kwa giza, mimi naichorea mshale kuonyesha mbele ni wapi. Ofisi yote imevaa hedifoni. Tangu nianze, hakuna mtu ashaniambia hata niaje. Nikifika kwangu mtaa wa Satellite, nasalimia sufuria.

Sasa ningeuliza nani mbele ya meli inajulikana aje? Nikajiamulia: gari taa kubwa ziko mbele, so upande inang'aa sana ndio mbele. Nikachora wiki nzima.

Ijumaa supavaiza wetu, Achieng, akaweka picha zangu kwa skrini ya ukuta. Watu wakatoa hedifoni. Nikanyoosha kola, nikijua leo nasifiwa.

"Rada haioni taa," akasema. "Inang'aa penye chuma imejaa, na kwa hizi meli chuma imejaa nyuma. Zote zinaingia bandari rivasi! Nani alichora?"

Nikainua mkono. Wakacheka hadi meza zikatingika. Jirani yangu, ile tumekaa bega kwa bega siku hizo zote, akapanguza machozi akauliza, "Kwani huyu anaitwa nani?"