Onyo Lililochujwa

Mwalimu Taghreed alifundisha baiolojia mjini Tabora miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakutaka kushinda barazani kwake, mtaa wa Kanyenye, akitazama wapita njia. Ukoo wao, Waarabu wa Oman waliokuja na misafara wakabaki, ulijua biashara ya vitambaa. Yeye alipenda msitu. Kila mvua zilipoanza alimfuata Bi Mahona, Mnyamwezi aliyekuwa akiwauzia uyoga nyumbani kwao tangu Taghreed akiwa binti, wakaingia msitu wa miombo na vikapu, mmoja akichuma, mwingine akiandika.

Maandishi hayo aliyaweka kwenye tovuti aliyotengenezewa na Azhar, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta. Ukurasa uliompa wasiwasi ni wa uyoga mweupe, kwa sababu una mwenzake anayefanana naye kama pacha, na huyo pacha anaua. Basi akaweka picha mbili ndani ya kisanduku, kando ya maelezo, na juu yake maneno mekundu: KUSHOTO CHAKULA, KULIA KIFO. KAMA HUNA ANAYEUJUA, USILE.

Kwa miaka minne tovuti ilisomwa na watu wachache. Desemba iliyopita Azhar alikuja na kompyuta mkononi, chai hakuigusa.

"Shangazi, mwezi huu ukurasa wa uyoga mweupe umefunguliwa mara elfu tisa."

"Alhamdulillahi! Watu wameanza kuupenda msitu."

"Hawa si watu. Wanaingia, haipiti sekunde, wametoka. Hakuna hata mmoja aliyefungua picha."

Akamweleza. Siku hizi mtu akiiuliza akili mnemba swali kwenye simu, haiusomi ukurasa kama ulivyo. Hutanguliza chombo kinachouchuja: kinaondoa picha, matangazo, visanduku vya pembeni, chochote kinachoonekana pambo, kisha kinaipelekea maandishi matupu. Ni chombo kizuri, alisema Azhar, yeye mwenyewe hukitumia kazini.

"Hebu nionyeshe kinachofika huko."

Azhar akakipa anwani ya ukurasa. Maandishi yakatokea, meusi, safi, yamepangika. Uyoga mweupe huota baada ya mvua za kwanza. Huchemshwa, maji yakamwagwa, ukaungwa kwa karanga na kuliwa na ugali. Chini yake jina la Taghreed. Alishusha macho mpaka mwisho, akayapandisha tena.

"Maneno mekundu yako wapi?"

"Yalikuwa ndani ya kisanduku," alisema Azhar. "Yameondolewa pamoja na picha."

Saa ileile Taghreed alilihamisha onyo, likawa sentensi ya kwanza kabisa ya maelezo. "Sasa waliokwisha kuchukua, watarudi kuchukua upya?"

"Wengine watarudi. Wengine wanatunza walichochota, Shangazi. Hatuwezi kujua ni wangapi."

Tangu hapo kila iliponyesha alisimama dirishani. Bi Mahona alipita akamwambia kwa furaha kwamba mwaka huu uyoga ni mwingi ajabu, haujapata kuonekana. Taghreed alimsikia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Wiki ya pili ya Januari simu ikalia. Ni Advera, mwanafunzi wake wa zamani, sasa muuguzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina mgonjwa hapa wodini anakutaja kwa jina. Naomba uje."

Mgonjwa aliitwa Asnath. Yeye na mumewe Fikiri walitoka Igunga mwaka jana, wakahamia Tura, kwenye reli mashariki ya Tabora, kutafuta shamba.

"Kwetu ni mbuga, msitu hatuujui," alisema polepole. "Nilichuma uyoga, Fikiri akaiuliza simu. Ikasema unaliwa, ikatusomea mpaka namna ya kupika. Nikamwambia tumuulize jirani kwanza. Akasema, jirani atamzidi mwalimu? Maana ilikutaja, Mwalimu Taghreed wa Tabora. Mimi nilikula kidogo."

"Na mumeo?"

"Tulitapika wote. Kesho yake akawa mzima, akaenda kulima, tukacheka. Siku ya tatu macho yakageuka manjano. Wamemzika Jumatano, mimi nikiwa kwenye kitanda hiki."

Taghreed alishika chuma cha kitanda. Habari ya kisanduku ilimjia mdomoni, akaiona ni maneno ya kujitetea tu. "Niliyeandika ni mimi," alisema. "Onyo lilikuwepo. Halikuwafikia."

Asnath akajiinua kidogo kwenye mto. "Basi lipeleke, mwalimu. Pale Tura hatukuhamia peke yetu."

Kwenye ngazi za hospitali Taghreed alitoa simu yake mwenyewe, akaiuliza habari za uyoga mweupe. Sauti tulivu ikamjibu: unaliwa, huchemshwa, huungwa kwa karanga. Ikamtaja yeye.

Siku mbili baadaye alishuka Tura na Bi Mahona. Karibu na stesheni wakatandika khanga, wakaweka uyoga wa aina zote mbili, na wanawake wakakusanyika. Bi Mahona alieleza kwa Kinyamwezi, Taghreed kwa Kiswahili. Walipomaliza, mama mmoja mwenye kikapu kilichojaa akainua simu.

"Samahani, mwalimu. Mbona humu umesema tule?"

"Nani mwingine ameuliza humo?"

Mama yule akageuka kuwatazama wenzake. Mikono ikaanza kuinuka, miwili, mitano, mpaka ya nyuma kabisa.

Taghreed akaomba kikapu, akaketi chini, akaanza kuchambua mmoja mmoja. Wa nne akauweka pembeni, kando ya ule unaoua. Wa tano pia. Mwanamke mmoja akaondoka mbio kuelekea nyumbani, ambako chungu cha uyoga kilikuwa tayari jikoni.