Mgomba wa Kambere

Watu wa Butembo wakisikia mtu amepotea, hawaulizi amefia wapi. Wanauliza amechukuliwa na nani. Ndivyo walivyozoea, na asiyewahi kuishi upande huu asiwacheke. Kwa hiyo siku Kahongya alipopigiwa simu na bwana mmoja wa chuo cha ubaharia, akaambiwa kwa Kifaransa cha taratibu kwamba meli aliyokuwamo mwanawe imepotea baharini, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Ni banani balibeba ile meli, monsieur?"

Yule bwana akasema hakuna aliyeibeba. Ilikuwa meli ya matanga, ya kufundishia vijana kazi ya bahari. Iliondoka pwani kuvuka kwenda ng'ambo, ikakutana na dhoruba, na tangu hapo haikusikika tena redioni. Ndege zilitafuta, meli nyingine zilitafuta. Hawakuona mtu, ubao wala kipande cha tanga, na sasa utafutaji umesimamishwa.

"Donc, basi hamukuona maiti," akasema Kahongya.

"Hapana, mama. Hatukuona."

Akamshukuru, akakata simu, akarudi kugeuza samaki wake wa chumvi mezani. Wauzaji wenzake walishangaa baadaye kusikia kwamba siku ile ndiyo aliyopata habari. Aliuza mpaka jioni na kubishana bei kama kawaida yake.

Kahongya ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na ukitaka kumdanganya kwenye mizani ni heri ujaribu kwa mwingine. Ameuza samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge, sokoni tangu hajaolewa. Na ni samaki hao hao waliomtia mwanawe wazimu wa maji. Kila likizo mtoto huyo, Kambere, alimfuata ziwani kuleta mzigo, na mama akigeuka tu kuongea na wavuvi, mtoto yumo tayari ndani ya pirogi ya watu, ameshika kasia. Sisi watu wa milimani ziwa tunaliheshimu tukiwa mbali. Huyu alilikimbilia. Kaka yake mkubwa, Paluku, alikufa kabla kitovu hakijakauka, kwa hiyo Kambere, ingawa jina lake ni la mtoto wa pili, ndiye aliyekuwa wa kwanza nyumbani kwa kila jambo. Alipopata nafasi ya kusomea ubaharia, baba yake Ananie, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, alinuna mpaka chakula kikamshinda. Mama ndiye aliyesema mtoto aende. Hajasahau hilo, wala hahitaji mtu wa kumkumbusha, ingawa wapo waliojipa kazi hiyo.

Baada ya miezi mingi ya kimya, Ananie alikaa na mkewe walipotoka ibadani, akatoa maneno ambayo ukoo ulimtuma ayaseme. Wamzike Kambere. Wazike mgomba.

Kwetu, mtu akifia mahali ambapo mwili hauwezi kurudi, shina la mgomba hukatwa kwa urefu wa mtu huyo, likavishwa nguo yake, likalazwa kaburini. Watu wanalia, wanaomba, wanarudi makwao. Marehemu amepata pa kulala, na walio hai wanaruhusiwa tena kuoa, kujenga na kucheka. Ila baada ya hapo hawezi kurudi, na ninasema hivyo kwa maana yake kabisa. Akitokea mlangoni, hapokewi. Aliyezikwa amezikwa.

Kahongya alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu ya mdogo wake Orpa. Orpa alichukuliwa shambani karibu na Beni na wale watu wa porini, waasi wenye silaha, wakati wa kuvuna mpunga. Familia ilingoja, ikachoka, ikazika mgomba. Halafu Orpa akatoka porini, amekonda, mguu una kidonda kinachonuka. Mumewe alimwona akikatiza uani, akafunga mlango. Mpaka leo anaishi peke yake pembeni mwa Beni, anauza makaa, na ndugu zake hawanywi maji ya mkono wake. Kahongya tu ndiye anayekwenda kula kwake. Ukoo mzima wa watu wanaoomba kabla ya kula, na mmoja tu anakumbuka kwamba Orpa naye anakula!

"Ukimuzika leo," akamwambia mumewe, "kesho akirudi atalala wapi? Kwa Orpa?"

"Mama Kambere, bahari hapana pori."

"Weye unaijua? Uliishafika ku bahari?"

Ananie hakuwahi kupanda hata pirogi. Akachukua jembe, akaenda kwenye viazi vyake. Lakini ukoo haukuliacha jambo hilo. Mtoto wao wa mwisho, Lusenge, alikuwa na mchumba, na wazee wakasema hakuna mbuzi wa mahari atakayetoka mpaka ijulikane mkubwa wake ni hai au ni maiti. Lusenge mwenyewe hakumwambia mama yake neno. Alianza tu kula nje.

Huku nyuma Kahongya alikuwa na shughuli yake ya siri. Kila alipofika Beni na mzigo wa samaki alitafuta watu waliotoroka porini, akawauliza kama huko hawakuona kijana mrefu, mpole, anayesema Kifaransa. Walimtazama, wakatikisa kichwa. Sijui alifikiri bahari inatokea wapi. Nadhani hata yeye alijua kwamba haitokei huko, lakini ni huko tu alikowahi kuona watu wakitokea.

Mwishowe aliamua kumchukua Orpa, amketishe mbele ya wazee, wamtazame usoni. Alingoja magari yanayosindikizwa na wanajeshi, akapanda, akashuka Beni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Orpa alikuwa kati ya magunia yake, mikono myeusi. Alimwandalia ndizi za kupika na maharagwe, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Kuja ukae mbele yao," Kahongya akasema. "Baone mutu anarudiaka."

Orpa alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

"Yaya, dada yangu, miye nilirudi sababu kulikuwa njia. Kule pori kuko miti ya kujificha. Kuko mihogo ya kuiba. Nilitembea na hii miguu. Kambere angetembea juu ya nini?"

"Labda kuko kisiwa."

"Ndege zingekiona."

Kahongya akasimama. Hasira ilimpanda. "Miye peke yangu nilikukubali! Bote balikukimbia, nikakula kwako. Na leo unamuua mutoto yangu?"

"Ni sababu ulinikubali ndiyo siwezi kukudanganya," Orpa akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Yaya, sikiya. Kuko vijana niliona bakifa kule. Kwa macho yangu. Bamama zao banakuja hapa kununua makaa, bananiuliza kama nilibaona. Nabaambia sikuona. Banafurahi. Banarudi ku nyumba, banangoja. Kila mara nabaona bamezeeka zaidi, na miye ndiye nabazeesha. Weye hapana. Weye siwezi."

Kahongya akakaa. Aliwakumbuka wale wote aliowauliza barabarani, jinsi walivyotikisa kichwa haraka haraka na kutazama pembeni. Hakumaliza ndizi zake. Orpa alimwosha mikono, kama anavyooshwa mgonjwa, wakakaa hivyo mpaka saa ya magari.

Alipofika nyumbani alimkuta Ananie akipalilia nyuma ya jikoni. Alimwambia neno moja tu: "Tukate." Ananie hakuuliza kilichotokea Beni. Akaenda kuleta panga, akachagua mgomba ulionyooka, akauangusha, akasafisha majani yaliyokauka. Kisha akainama juu ya shina, panga mkononi, akangoja.

"Nikate wapi?"

Kahongya akainua mkono juu ya kichwa chake, pale Kambere alipofika siku ya kuondoka. Akaushusha. Hapo palikuwa pa mtoto wa shule. Siku moja kwenye simu Kambere alicheka akisema suruali alizotoka nazo zote zimekuwa fupi. Akainua mkono tena, juu zaidi, akasita, akaurudisha chini. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwona Kambere mtu mzima, yule aliyepotea na ile meli.

"Sijue," akasema. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu ile simu, kwa sauti iliyowatoa majirani nje. "Baba Kambere, sijue alifika wapi!"

Ananie naye hakujua. Alisimama na panga lake mpaka mkewe akapumua, akajifuta uso kwa kitenge, akamwambia akate mrefu, kaburi wataliongeza.