Zamu ya Mzee Mwenye Kidonda

Nasema wazi: mguu wa yule mzee ulinuka. Mimi nilikuwa nauguza wazee Inver Grove Heights, Minnesota, huku Marekani, pua yangu ilishazoea mengi, lakini siku ya kwanza kufungua bandeji yake nilikimbilia sinki. Kidonda cha sukari. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mjane, anaishi peke yake kwenye apatimenti huko Saint Paul, na nikitoka kazini nilipita kumfunga upya. Kwa hiyo mtu asiniambie eti sijui kinyaa. Nakijua. Ila kilichonitapisha zaidi ni jumuiya yetu.

Jumuiya ndogo ya Kikatoliki, Wakenya na Wakongo, tulisali nyumba kwa nyumba kwa zamu, kama tulivyozoea kwetu. Mwenye nyumba anapika, wageni wanakula. Mwaka ule tulikuwa tukisoma jinsi shirika la ndugu ombaomba lilivyoanza Italia, karne nyingi zilizopita. Mwanzilishi alikuwa mtoto wa tajiri wa vitambaa. Alivua nguo zake mbele ya askofu, akamrudishia baba yake, akaenda zake. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakiomba makombo mlango kwa mlango na kuyala hata yakiwa yamechacha. Hayo tuliyasoma Champlin, kwa mwenyekiti wetu, tumezama kwenye sofa za ngozi, sahani za pilau magotini. Tulipofika pale anaposhuka kwenye farasi kumkumbatia mkoma, mwenyekiti alijifuta machozi. "Huo ndio upendo, ndugu zangu," akasema. Na zamu ya mzee walikuwa wameiruka tena.

"Mzee apumzike," ndivyo walivyosema kila mara. Apumzike kitu gani? Mwenyewe kila nikimfunga mguu aliniuliza, "Mama, banakuja lini kwangu?" Tangu afike Marekani hakuna mgeni aliyekula kwake. Kwao, aliniambia, mtu ambaye watu hawali kwake ni yule wanayemdhania mchawi. Alikuwa ameshakusanya viti, vya kila rangi, vimepangwa ukutani vikisubiri.

Nikawaka. Nikawaandikia kwenye grupu la simu maneno ambayo padri asingependa kuyasoma. Wakaja.

Afadhali wasingekuja. Mama mmoja alipuliza marashi mlangoni, fsss, hata buti za theluji hajavua. Wote wakabanana upande wa dirisha, na dirisha wakalifungua, Januari ya Minnesota! Siku hiyo tulikuwa tumefika sehemu ya shirika kukua: ndugu wamekuwa maelfu, wanagombana kama ni halali kumiliki nyumba, na yule aliyechagua kulala chini wamemjengea kanisa kubwa juu ya kaburi lake. Mwenyekiti alisoma mbiombio, leso puani.

Kisha mzee akaleta maji ya kunawa, bugali na sombe ya majani ya muhogo, akichechemea, anatabasamu. Alikuwa jikoni tangu asubuhi. Mmoja akasema ametoka kula sasa hivi. Mwingine anafunga, Jumapili! Mwenyekiti akashika tumbo, eti gesi. Khaa! Watu wazima na akili zao, waliokuwa wakimlilia mkoma wa Italia!

Mzee alizitazama zile sahani tupu. Akarudi jikoni polepole, akatoka na boksi la glovu nililomwachia kwa ajili ya kidonda. Lilikuwa karibu kuisha. Hakumtazama mtu yeyote ila mimi, na alisema kwa sauti ya chini, lakini chumba kizima kilimsikia.

"Mama, ubaambie nilipika na glovu. Kila kitu. Hata chumvi nilitia na glovu."

Mwenyekiti akakohoa, akasema tusimame tufunge kwa sala. Wakasimama. Mimi nilibaki kwenye kiti changu, nikanawa, nikamega tonge.