Sekunde Nane za Chebet

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Boito ambayo huikumbuka kila nionapo kivuko kimechorwa barabarani. Wiki jana uliniambia kwamba umepewa kazi ya kupanga mahali watu watakapovukia barabara pale sokoni Londiani, na kwamba kompyuta imekwisha kukuchagulia mahali bila wewe kufika. Ulikuwa na furaha, nami sikutaka kuizima. Nilikumiminia chai tu. Sasa nakujibu.

Nilikuwa na umri kama wako, nimetoka chuoni na cheti kipya na kiburi chake. Niliajiriwa na watu waliokuwa wakimalizia barabara ya lami inayopita kwenye mashamba ya chai ya Boito. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mahali pa kuvukia wachuma chai, ambao walitoka mashambani upande wa juu wakipeleka majani kwenye kituo cha kupimia upande wa chini. Mimi, unajua, ni mtoto wa Kipkelion, nimelelewa kwa mahindi. Chai niliijua ikiwa kikombeni.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Unapima sekunde zinazopita tangu gari lionekane kwenye kona mpaka lifike kivukoni, halafu unapima sekunde anazohitaji mtu kuvuka. Za gari zikizidi za mtu, mtu yuko salama. Nilisimama mbele ya lango la kituo na saa yangu tangu asubuhi, na malori yakanipa sekunde nane. Kisha nikavuka mwenyewe mara tatu, viatu vya raba miguuni na mikono mitupu: tano. Nikaandika kwenye fomu kwamba mahali hapo ni salama, nikatia sahihi, nikaketi juu ya jiwe kumngoja mkubwa wangu aje kuichukua mchana.

Kwenye benchi la kituo alikuwepo bibi mmoja, Kogo Tabutany. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa akinitazama tangu nilipofika.

"Wewe msichana, unavukavuka hapo unatafuta nini?"

Nikamweleza, tena polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. Aibu hiyo bado ninayo.

"Na mzigo yako iko wapi?"

"Sina mzigo, Kogo."

"Sisi hatuvukangi bila mzigo."

Akaagiza nibebeshwe kikapu kilichojaa majani yaliyolowa mvua. Kamba ilinikaza paji la uso, shingo ikakataa kugeuka, na ile kona sikuiona tena ila nigeuze mwili mzima. Nilivuka kwa sekunde kumi. Wanawake waliokuwa wakipimiwa majani walicheka sana, na mmoja akasema mahindi ya kwetu hayajengi shingo.

Nilipaswa kuichana fomu hapo hapo. Lakini mtu mwenye cheti kipya ni mgumu kuambiwa. "Ni sekunde mbili tu zimezidi, Kogo," nikasema. "Watakaza mwendo."

Kogo aligeukia kona akaita, "Chebet! Wewe shuka kidogo."

Kutoka ukingo wa juu wa kona, mahali ambapo sikuwa nimeangalia hata mara moja, aliteremka mkamwana wake, amevaa ile aproni ya plastiki ya manjano ya wachuma chai. Kumbe kila siku ya kupeleka majani wanawake wale walipokezana kusimama pale juu, na madereva wakiona manjano wanapunguza mwendo. Hakuna aliyewaagiza. Walijipangia wenyewe, tangu barabara ikiwa ya udongo.

"Sasa pima," Kogo akasema.

Nilikuwa pembeni mwa barabara, kikapu bado mgongoni, saa mkononi. Lori lililofuata lilitokeza kwenye kona na kupita mbele yetu kwa sekunde nne. Safari hii hakuna aliyecheka. Niliogopa, mwanangu. Niliitazama ile karatasi yenye sahihi yangu nikaona nani angekuwa katikati ya barabara.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," Kogo akaniambia bila hasira. "Wewe ukichora hapo, watu watasema serikali imepima, na hakuna mtu atasimama huko juu tena. Hiyo nane yako ilikuwa ya Chebet."

Nikaichana. Mkubwa wangu alipofika alinikaripia kwa kumpotezea siku, nami nikamwomba abebe kikapu avuke. Alipofika ng'ambo alinipa fomu mpya mwenyewe. Kivuko tukakihamishia mahali paliponyooka, karibu na kanisa, kikawekewa matuta pande zote mbili. Wanawake walikubali kuzunguka kidogo, kwa kuwa safari hii tuliwauliza kwanza.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikwambii uitupe kompyuta. Hata mimi saa yangu sikuitupa. Nakwambia nenda Londiani siku ya soko, mvua ikiwa imenyesha, ubebe viazi vya mtu uvuke navyo. Ukikuta mahali panaonekana salama, uliza ni nani anapafanya pawe salama, maana huenda kuna mtu amesimama mahali usipoangalia, na mpango wako ndio utakaomwondoa. Na mzee akikucheka, mngoje amalize, kisha umwulize tena.

Mwezi jana nilipita Boito. Chebet sasa naye ni kogo. Nilimwona akivuka pale karibu na kanisa na kikapu chake taratibu, lori limesimama kumngoja. Nikageuka kuitazama ile kona. Hapakuwa na mtu.

Mungu asikunyime watu wa kukwambia ukweli kabla hujatia sahihi, mwanangu, na kila atakayevukia ulipopanga wewe afike ng'ambo.