Mtani wa Yasinta

Niseme mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo: siku ile wodini hata mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshika chupa ya uji, nikacheka mpaka uji ukanimwagikia mguuni. Jina langu Tumsifu, mtu wa Upareni, na kwa miaka sita nilikaa chumba kimoja na Yasinta, chumba cha wapiga chapa cha wizara moja pale Dodoma. Habari hii ni yake, lakini na mimi nimo.

Yasinta alikuwa Mgogo wa Ihumwa, binti wa mjane aliyemsomesha kwa kuuza karanga kwa abiria wa treni. Alikuwa na vidole virefu, na alijua kwamba anavyo. Alipiga chapa bila kutazama mashine, huku anakusema wewe uliyesimama mbele yake, na barua ikatoka haina kosa. Hakuna karatasi iliyotoka mezani kwake kabla hajaisoma mara mbili, hata kama mkurugenzi amesimama mlangoni na kalamu mkononi. Wakubwa walimgombea. Sisi wengine tulimchukia kidogo kwa hilo, na mimi nilizidi wote kwa wivu.

Mtani wake alikuwa Sostenes, mtunza stoo, Mnyamwezi wa Sikonge. Mgogo na Mnyamwezi wakiwekwa ofisi moja kazi husimama, hilo kila mtu analijua, lakini hawa wawili walipita kiasi. Asubuhi Sostenes akichungulia mlangoni alisema, "We Mgogo, leo umeoga, au maji yote mmewapa ng'ombe?" Naye Yasinta, vidole vikiendelea na kazi, "Mpagazi wangu, babu yako aliacha mzigo hapa Ugogo. Utakuja lini kuubeba?" Sostenes alimzidi miaka zaidi ya kumi, lakini sikusikia hata siku moja akiamkiwa shikamoo na Yasinta. Mama yake Sostenes alipofariki, Yasinta alisafiri mpaka Sikonge, akajilaza kwenye mkeka wa marehemu na kugoma kuamka mpaka apewe kuku. Waombolezaji walicheka na machozi yao usoni. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na aliifanya kwa moyo wote.

Mwaka 1994 kila kitu cha serikali kilikuwa kinauzwa au kinangoja kuuzwa. Wizara ilikuwa inapeleka semina wilayani kuwaeleza watu kwamba kuuzwa huko ni kwa faida yao. Barabara ya Kondoa ilikuwa imekatika kwa mvua, kwa hiyo wakakodi ndege ndogo ya kampuni binafsi, mpya, ambayo jina lake sitaliandika kwa sababu mwenye nayo yupo na ana mawakili. Walikuwa wanne: rubani, afisa mipango mmoja, Yasinta wa kupiga chapa ripoti na Sostenes wa kutunza vifaa.

Siku ya kurudi, uwanjani Kondoa, mtu wa kampuni alileta madebe manane ya asali na kuyasukuma nyuma ya viti. Rubani alikataa. Wakabishana pembeni, kisha rubani akarudi ameinamisha uso na kuwasha injini. Yasinta aliyaona hayo yote. Sostenes naye aliyaona, maana debe moja lilikosa nafasi akalibana katikati ya miguu yake.

Ndege iliruka lakini haikupanda. Ilianguka kwenye mashamba ya Busi na kuwaka. Rubani na yule afisa walikufa palepale. Yasinta alitokea ubavuni palipopasuka, mzima, na angeweza kukaa chini akamshukuru Mungu wake. Akarudi ndani. Mkanda wa Sostenes ulikuwa umegoma kufunguka na chuma chake kilikuwa kimeshika moto. Alikishika kwa mikono miwili, akakivuta mpaka kikaachia. Sostenes alitoka amevunjika bega. Yasinta alitoka na mikono ambayo wakulima wa Busi walishindwa kuitazama.

Siku ya tano nilimkuta wodini mjini, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Pembeni ya kitanda alikaa mtu mwingine wa kampuni ya ndege, Ebenezer, mpole, mwenye faili na machungwa. Alisema amekuja kutoa pole na kujaza fomu. Mara Sostenes akaingia kutoka wodi ya wanaume, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni.

"Ndugu yangu, usihangaike kutafuta chanzo," akamwambia Ebenezer. "Aliyetuangusha ni huyu hapa. Mgogo kapanda ndege na magunia mawili ya mlenda, kayaficha chini ya sketi!"

Wodi nzima iliangua kicheko, na nesi akaegemea ukuta. Mlenda mkavu wenyewe hata gunia zima mtoto analibeba kichwani. Wote tulikuwa tunamngoja Yasinta, maana tangu alazwe alikuwa hajacheka.

"Ndiyo, mzigo niliupakia mimi," akasema. "Rubani alikataa, nikamdanganya kwamba ni nguo. Nilitaka Mnyamwezi huyu afe nirithi baiskeli yake."

Hapo ndipo nilipomwaga uji. Ebenezer naye alicheka, huku kalamu yake inakwenda. Alipomaliza alimsomea Yasinta ukurasa wa kwanza: jina, umri, alikaa kiti gani. Wa pili hakuusoma. Kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye bandeji, alitoa kidau cha wino, akafunua shuka na kumchovya dole gumba la mguu. "Leo mguu wangu umekuwa karani," Yasinta akasema, na tukacheka tena. Mwanamke ambaye hakuwahi kuachia barua ya mtu bila kuisoma mara mbili aliacha yake mwenyewe iende bila kusomwa hata mara moja. Nilikuwa nimekaa pale, ninajua kusoma, mikono yangu mizima. Sikuinyoosha kuichukua hiyo karatasi.

Bandeji zilipotoka, Dokta Anyitike aliongea naye bila kumzunguka. Makovu yalikuwa yanavuta vidole kuelekea kiganjani. Alihitaji kupasuliwa mara tatu katika hospitali kubwa, na daktari wa kazi hiyo alipatikana nje ya nchi tu. "Ukipata ndani ya mwaka mmoja, mwaka na nusu, utapiga chapa tena," akasema. "Baada ya hapo maungo yenyewe yatashikana, na hapo hata mimi sitakudanganya." Serikali ilisema haina fungu. Kampuni ilikuwa na bima ambayo ingelipa kila kitu, lakini kwa abiria asiye na kosa tu. Basi Yasinta akaenda mahakamani kutafuta vidole vyake.

Wakili wake alikuwa mzee Vithaldas, mzaliwa wa Barabara ya Saba, aliyeichukua kesi bila kuomba chochote mbele. Mzee huyo alisafiri mwenyewe hadi Busi. Aliyakuta madebe ya asali yakichotewa maji kisimani, yamekunjika, yamebabuka, na alama ya rangi ya kampuni bado inaonekana. Kila aliyemuuliza alisema debe lake amelinunua mnadani. Waliogopa kuitwa wezi wa mali ya marehemu. Siwezi kuwalaumu sana, ingawa siku zile niliwalaani kwa majina.

Tarehe zilisogezwa. Hakimu anaumwa, faili halionekani, wakili wa kampuni amekosa usafiri kutoka Dar es Salaam. Kila tarehe iliposogezwa Yasinta alipita ofisini kutusalimia, na kila alipopita vidole vilikuwa vimeinama zaidi. Mwanzoni alishika kalamu kwa ngumi. Baadaye alishika mkate. Mwezi wa tisa wa kesi wizara ikamwachisha kazi kwa ugonjwa, na meza yake nikapewa mimi. Niliipokea.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, mwaka na miezi miwili ulikuwa umepita. Wakili wa kampuni hakugusa habari ya asali. Alitoa karatasi moja tu, akaisoma polepole: mzigo niliupakia mimi, rubani alikataa, nikamdanganya kwamba ni nguo. Baiskeli hakuisoma, maana haikuandikwa. Kisha akaonyesha alama ya dole gumba la mguu.

Mzee Vithaldas aliniita nieleze kwamba ulikuwa utani. Nilieleza vizuri, nadhani. Wakili wa kampuni alisimama na swali moja.

"Maneno haya aliyatamka au hakuyatamka?"

"Aliyatamka, lakini..."

"Shahidi, jibu swali."

"Aliyatamka."

"Asante, dada. Unaweza kukaa."

Hakimu alivua miwani. Alisema yeye ni Mtanzania, anaujua utani, hahitaji kufundishwa. Lakini mahakama haiwezi kuuona utani ndani ya karatasi. Aliyetaniwa mwenyewe aje aseme kwamba alikuwa anatania na anataniwa, na karatasi ile ataiweka pembeni. Yasinta alinigeukia, anatabasamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimwona anapumua sawasawa. Sostenes si alikuwa hai? Na alikuwa hai kwa mikono ya nani?

Ni kweli kwamba miezi minne kabla ya siku hiyo Sostenes alikuwa amepunguzwa kazi wizarani pamoja na wenzake wengi, na kwamba alikuwa haonekani tena mitaa yetu. Tulidhani anaona haya, kama walivyoona haya wengine waliopunguzwa. Wiki iliyofuata aliingia mahakamani amevaa shati la bluu lenye nembo ya ndege kifuani. Alikuwa mtunza ghala wa kampuni ile ile.

Aliapa kwa Biblia. Mzee Vithaldas akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yeye na Yasinta ni watani.

"Hapana," Sostenes akasema. "Sisi hatuna utani."

Watu waliguna mpaka karani akagonga meza.

"Wewe Mnyamwezi, yeye Mgogo. Hamna utani?"

"Kabila zinao. Mimi na huyu dada tulifanya kazi pamoja tu. Siku ile nilimwambia kweli, na yeye akakubali kweli."

"Na debe lililokuwa katikati ya miguu yako?"

"Sikuona debe."

Yasinta hakulia wala kupiga kelele. Aliinua mikono yake, akaiweka juu ya ubao wa mbele yake mahali ambapo Sostenes lazima aione. Sostenes alitazama dirishani. Nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo sijawahi kuitubu, na siitubu sasa.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi mitatu. Hakimu aliandika kwamba anamsikitikia mdai, ila mdai huyo amefungwa na maneno yake mwenyewe. Mzee Vithaldas alitaka kukata rufaa. Yasinta akamuuliza rufaa huchukua muda gani, mzee akamwambia, na Yasinta akamshukuru kwa heshima na kumtakia afya njema. Mwezi huohuo Dokta Anyitike alimshika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akajaribu kukinyoosha taratibu, akakiachia. Ikawa imekwisha.

Alirudi Ihumwa kwa mama yake. Nilimtembelea Jumamosi moja, mchana, nikawakuta uani, mama anabangua karanga. Yasinta alikuwa anazisukuma pamoja kwa ngumi zake mbili, taratibu, na zilizomtoroka, mama anaziokota. Nilikuwa najiandaa kuaga niliposikia kengele ya baiskeli, na sauti ninayoijua ikisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Hodi Ugogoni! Mgogo, ng'ombe zangu ziko wapi?"

Sostenes alikuwa amebeba mfuko wa sukari na kanga mpya. Mama hakuwahi kufika mahakamani, na binti yake hakumweleza nani alisema nini. Aliposikia maneno ya mtani alicheka kwa furaha, akapiga makofi, akainuka kutafuta kigoda.

Yasinta alisimama. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Sostenes. Karibu kiti."

Sostenes alicheka peke yake. "We Mgogo, adabu umeinunua duka gani?"

"Karibu sana. Habari za kazini?"

"Za kazini..." Alinitazama mimi. Nikatazama karanga. "Nzuri."

"Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Tunashukuru."

Chai ililetwa. Mama alimwekea Yasinta kikombe mdomoni, akanywa, akafutwa kidevu. Sostenes aliweka kikombe chake chini. Alisogea mbele mpaka akawa karibu kutoka kwenye kigoda.

"Yasinta, nitukane."

"Mgeni hatukanwi, Bwana Sostenes."

"Nina watoto watano. Walisema nikienda kinyume kazi hakuna."

"Poleni na majukumu."

"Nitukane basi hata mara moja. Niite mpagazi. Nakuomba."

"Uliapa kwa Biblia kwamba hatuna utani," Yasinta akasema, kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni. "Mimi sitakufanya mwongo. Kunywa chai, itapoa."

Hakuinywa. Alikaa kidogo, akapangusa macho kwa mkono wa shati la kampuni, kisha akaaga. Yasinta alimwitikia kwa heshima, akamwombea safari njema. Sostenes alitoka uani akiikokota baiskeli, hakuipanda. Mama alibaki ameshika mfuko wa sukari, anamtazama binti yake.

"Kwani huyu si yule mtani wako?"

"Hapana, mama," Yasinta akasema, akaanza tena kuzisukuma karanga. "Ni mtu tu niliyewahi kusafiri naye."